Mkopo wa miaka 20, tumeumaliza kwa 9

Watu wakisikia tumemaliza mkopo wa nyumba miaka 11 kabla ya wakati wake, swali la kwanza huwa lilelile: "Kwani mlikuwa mnakula nini?" Tulikuwa tunakula na kushiba. Anayeuliza mara nyingi ameshajijibu moyoni: ama tumerithi mahali, ama tumejinyima mpaka watoto wamekonda. Jibu lenyewe halina msisimko wowote. Limo kwenye jedwali la marejesho, yale makaratasi ambayo benki hukukabidhi siku ya kusaini na ambayo karibu hakuna anayeyasoma.

Mume wangu ni mwalimu wa hesabu, mimi ni muuguzi. Mwalimu (ndivyo ninavyomwita, hata tukigombana) hawezi kuona safu za tarakimu akazipita hivihivi. Alikaa na lile jedwali jioni nzima, kisha akaniita: "Mama, hebu njoo uone tunachonunua." Kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa kwanza, safu ya riba.

Namba zetu halisi nabaki nazo, ila mfano wenye namba rahisi unatosha. Chukua mkopo wa milioni 10, sarafu yoyote uitakayo, riba asilimia 12 kwa mwaka inayokokotolewa juu ya salio, muda miaka 20. Rejesho la kila mwezi ni kama 110,100. Mwezi wa kwanza riba peke yake ni 100,000, maana yake katika hela yote uliyopeleka, deni limepungua kwa 10,100 na ushei. Mwaka ukiisha umelipa zaidi ya milioni 1.3, na deni limeshuka kwa takriban 128,000. Lipa kwa uaminifu, usikose hata mwezi, na nusu ya deni la msingi, yaani ile hela uliyokopa bila riba, utaifikia mwishoni mwa mwaka wa 15. Mwaka wa 15! Siku unamaliza utakuwa umetoa milioni 26.4 kwa mkopo wa milioni 10.

Hakuna aliyekuibia hapo. Riba hukokotolewa juu ya kile unachodaiwa, na mwanzoni unadaiwa karibu chote, basi inameza karibu rejesho zima. Lakini hesabu hiyohiyo unaweza kuigeuza ikufanyie kazi wewe. Hela unayolipa juu ya rejesho la kawaida haigawani na riba. Yote inaingia kwenye deni la msingi, na kipande cha deni kilichoondoka hakizai riba tena kwa miezi yote iliyobaki. Kwenye mfano wetu, ukilipa 100,000 ya ziada mara moja tu mwishoni mwa mwaka wa kwanza, unafuta marejesho zaidi ya manane ya mwisho, ambayo jumla yake inapita 900,000. Laki hiyohiyo ukija nayo mwishoni mwa mwaka wa 18 inakuokolea riba isiyofika 30,000.

Kwa hiyo kama ni kubana, tubane mapema. Hilo ndilo tulilokubaliana usiku ule, na ndilo wanaotuuliza juu ya chakula hawalitarajii. Tulibana kwa nguvu miaka mitano ya kwanza, baada ya hapo tukaanza kulegeza. Mtu akisubiri mpaka watoto wamalize shule na mshahara upande ndipo aanze kupunguza deni, riba nyingi anakuwa ameshailipa.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi kuusema: nyumba iendeshwe kwa mshahara mmoja. Wa Mwalimu ulipe chakula, umeme, maji, usafiri na shule. Wangu ulipe rejesho, na kinachobaki, pamoja na posho zangu za zamu za usiku, kiende kwenye deni la msingi. Ukirudi kwenye ule mfano, mtu anayeweza kulipa 152,000 kila mwezi badala ya 110,100 anamaliza ndani ya miaka 9, na riba yote inakuwa karibu milioni 6.4 badala ya 16.4. Tofauti ni milioni 10, sawa na mkopo wenyewe. Mwalimu alipofika hapo alivua miwani akaifuta, akapiga hesabu upya.

Nimesoma ushauri mwingi wa kubana matumizi, na kusema kweli mwingi unanichosha. Unakwambia uzime taa, ukate sabuni vipande, uache kununua kinywaji njiani. Taa tunazima, sawa. Lakini vitu vidogo vinakusumbua kila siku na mwisho wa mwezi huoni vilikoenda. Kwetu fedha iliyoonekana ilitoka sehemu tatu tu. Tuliuza gari la pili. Tuliacha kubadilisha vitu vya nyumba ambavyo bado vinafanya kazi. Na kila nyongeza ya mshahara tuliielekeza kwenye deni kuanzia mwezi uleule ilipoingia, kabla hatujazoea kuitumia.

Gari ndilo lililouma. Watu huhesabu mafuta tu, wanasahau bima, matengenezo, matairi, maegesho, na ile thamani inayoyeyuka hata likiwa limepaki. Tulipoliuza, ratiba zetu zikaanza kupigana: yeye anaingia shule asubuhi na mapema, mimi zamu yangu inaanza baadaye. Asubuhi nyingi nilifika wodini saa nzima kabla ya wakati, nikawa nakaa chumba cha kubadilishia nguo na thamosi yangu ya chai nikisoma magazeti ya wiki iliyopita. Wenzangu walidhani nina bidii. Msimamizi alinisifu kikaoni na mimi nikanyamaza.

Vitu vya nyumba ilikuwa ni vita ya Mwalimu, naye aliifurahia kupita kiasi. Jokofu letu lilianza kuunguruma mchana na usiku, barafu inaganda upande mmoja. Fundi aliyekuja aliliangalia bila kuinama akasema tununue jipya. Alipoondoka, Mwalimu akachukua kipande cha karatasi, akakiweka kwenye ukingo wa mlango, akaufunga, kisha akakivuta. Kikatoka laini, bila kukwama popote. Alizunguka mlango mzima hivyo, juu, chini, pembeni, akiweka alama kwa penseli kila mahali karatasi ilipoteleza. Tatizo lilikuwa ule mpira wa mlangoni: umekakamaa, umepasuka kwenye pembe mbili, hewa ya joto inapenya na mashine haipumziki. Akanunua mpira mpya wa aina ileile, akauloweka kwenye maji ya moto ulainike na mikunjo itoke, akaupachika kwenye mfereji wake akiukandamiza kwa kidole gumba inchi kwa inchi. Jioni hiyo karatasi iliponaswa aliniita niivute mwenyewe. Lile jokofu bado tunalo.

Sasa kuna jambo dogo ambalo naona ndilo lililoleta tofauti kubwa kuliko ubanaji wote. Fedha uliyoibana ikibaki kwenye akaunti ya matumizi haijabanwa, imecheleweshwa tu. Itatafutiwa kazi. Utapita mahali, utaona kitu kimepunguzwa bei, utajiambia "si tuna akiba mwezi huu?" Kwa hiyo ziada yetu ililipwa siku mshahara unaingia, asubuhi, kabla ya chochote. Hatukusubiri mwisho wa mwezi kuona kilichobaki, kwa sababu hakuna mwezi uliowahi kubakiza kitu kwa hiari yake.

Ugomvi? Ulikuwepo. Mkubwa kuliko yote ulianza siku Mwalimu alipolipwa malimbikizo ya mshahara, hela ya kueleweka, kwa mkupuo. Kabla sijavua viatu alikuwa ameshatandaza jedwali mezani.

"Mama, hii inafuta miezi saba ya mwisho."

"Miezi saba ya mwaka ambao watoto watakuwa wameshahama nyumbani," nikamjibu. "Hawa walioko leo wanataka kusafiri."

Akasema watoto wanataka nyumba isiyo na deni. Nikasema watoto hawajawahi kutamka neno deni, wametamka neno kuogelea. Tulinuniana siku kadhaa. Kilichotutoa ni kanuni ambayo tuliipendekeza kwa hasira zaidi kuliko hekima: hela yoyote isiyotarajiwa, sehemu moja kati ya tano inaliwa bila maelezo, nne zinaenda kwenye deni. Tukasafiri. Mwalimu alikaa pembeni ya bwawa la kuogelea akiwa amejifunga taulo shingoni kama mgonjwa, na siku ya pili akaingia majini. Kanuni ile ikadumu mpaka mwisho, na nadhani bila hiyo mmoja wetu angechoka akaacha.

Vilevile kila mmoja alikuwa na hela yake ya mfukoni isiyoulizwa. Ndogo, lakini yake. Mimi yangu iliishia saluni. Yeye alinunua redio za zamani zilizoharibika, akazifungua, zikabaki wazi. Sikumuuliza, hakuniuliza. Wanandoa wanaokagua kila senti ya mwenzao hawamalizi mkopo, wanamaliza uvumilivu.

Ndugu nao wana sehemu yao katika hesabu hii, maana wao hawajui jedwali. Tulitenga fungu la kusaidiana kila mwezi kama tunavyotenga la umeme. Likiisha, tunasema limeisha, na ni kweli limeisha. Ilikuwa rahisi zaidi kuliko kukopa ili kumpa mtu halafu kumchukia kimyakimya. Mama mkwe wangu alituelewa kuliko wote. Kila akipiga simu alianza na "Limebaki kiasi gani?" kabla hata ya kuulizia wajukuu.

Kabla ya kulipa ziada yoyote tuliweka pembeni akiba ya dharura ya kutosha marejesho na matumizi ya miezi sita. Mwalimu alitaka miezi mitatu. Mimi nafanya kazi mahali ambapo naona kila siku jinsi mwili unavyoweza kumwangusha mtu bila taarifa, kwa hiyo hapo sikukubali kushuka. Sababu yangu ni hii: katika mikopo mingi, hela uliyolipa ziada huwezi kuirudisha. Ukipoteza kazi, benki haitasema "huyu alishatangulia, tumwache apumzike." Rejesho la mwezi ujao linadaiwa kama kawaida, na mtu aliyetumia akiba yake yote kupunguza deni anaweza kuangushwa na rejesho moja.

Kuhusu benki, jambo ambalo ningemshika mtu mkono nimwambie ni kwamba usipeleke ziada bila maandishi. Ziada yetu ya mwanzo kabisa ilipokelewa kama rejesho la mwezi unaofuata lililowahi kufika. Hela imeingia, risiti ipo, na deni la msingi liko palepale. Mwalimu aligundua kwa sababu salio kwenye taarifa ya mkopo halikulingana na la kwake la penseli. Tukaandika barua ya mistari michache: kiasi hiki kipunguze deni la msingi, rejesho la kila mwezi libaki lilelile, muda wa mkopo ufupishwe. Sentensi hizo mbili za mwisho ni muhimu. Benki inaweza kulipunguza deni na kisha kushusha rejesho lako huku muda ukibaki uleule wa miaka 20. Utafurahia unafuu wa kila mwezi, lakini sehemu kubwa ya riba uliyotaka kuikwepa utailipa. Baada ya barua hiyo, kila ziada ilienda na maelezo yaleyale, na kila taarifa ya mkopo iliangaliwa.

Uliza pia kuhusu ada ya kulipa kabla ya muda. Mikopo mingine haina, mingine inakuruhusu kiasi fulani kwa mwaka bila tozo, na mikopo ya riba isiyobadilika ndiyo mara nyingi yenye masharti makali. Soma mkataba, si kipeperushi. Kama riba yako ilikokotolewa juu ya mkopo wote wa mwanzo badala ya salio, hesabu niliyoieleza haitakufaa hivihivi. Na wanaonunua nyumba kwa utaratibu wa murabaha, ule wa Kiislamu ambapo benki inanunua nyumba kisha inakuuzia kwa kuongeza faida, wajue kwamba bei na faida hupangwa tangu mwanzo, kwa hiyo kulipa mapema hakupunguzi bei kwenyewe. Punguzo huitwa ibra, na ni la kuulizia kabla ya kusaini.

Tena si kila mtu anafaa kukimbilia kulipa nyumba. Ukiwa na deni lingine lenye riba kubwa zaidi, la kadi au la simu, lianze hilo. Kama mwajiri anaongeza kwenye mchango wako wa pensheni kulingana na unachoweka, usiuguse, maana unaitupa hela ya mwajiri. Na kama riba ya mkopo wako iko chini ya kile ambacho amana salama inakupa baada ya kodi, hesabu inakwambia uweke amana na uendelee kulipa taratibu. Mfumuko wa bei nao unamsaidia mwenye riba isiyobadilika: rejesho lilelile linazidi kuwa jepesi kadiri mishahara inavyopanda. Mwalimu analijua hilo na huwafundisha wanafunzi wake. Ila kwetu riba ilikuwa ya kupanda na kushuka, na kila barua ya benki ilipofika nilikuwa naifungua nikiwa nimesimama. Sijui utaiandika wapi hiyo kwenye jedwali.

Jedwali lenyewe lilibandikwa ndani ya mlango wa kabati la nguo. Kila tulipolipa ziada, Mwalimu alitoa rula na ile kalamu nyekundu ya kusahihishia akafuta mistari kuanzia mwisho, kutoka chini kwenda juu. Miezi ya kawaida tulikuwa tunaiweka alama kutoka juu. Miaka ya kwanza, mstari mmoja wa juu ulikuwa unaweza kwenda na minne au mitano ya chini, na ndipo watoto walipoanza kuja kuangalia. Kadiri tulivyoendelea, mistari iliyofutwa chini ikawa michache kwa hela ileile, jambo lililomkera binti yetu akadai baba yake anadanganya kwenye rula. Alikaa naye chini akamweleza kwa nini. Ana miaka kumi na anajua riba ya salio ni nini, masikini.

Kumaliza kwenyewe kuna makaratasi yake. Salio unaloliona kwenye taarifa ya mwezi silo unalopaswa kulipa ili ufunge, kwa sababu riba inaendelea kuhesabika hadi siku unayolipa. Omba benki ikuandikie kiasi kamili cha kufunga mkopo kwa tarehe maalumu, ulipe tarehe hiyo. Zima makato ya moja kwa moja. Yetu yalikatwa tena mwezi uliofuata na ikabidi tudai turudishiwe. Bima ya nyumba ilikuwa inaitaja benki kama mnufaika, tukabadilisha. Bima ya maisha iliyoambatana na mkopo, ulizia kama kuna sehemu ya malipo inayorudi.

Kisha hati. Benki ilitupa barua ya kuondoa rehani, imegongwa mhuri, ina saini mbili, na watu wengi wangeishia hapo. Mwalimu alitaka kuona daftari la ardhi lenyewe. Tukaomba upekuzi, yaani taarifa rasmi ya kilichoandikwa humo, na jina la benki lilikuwa bado limekaa pale kama vile hatujalipa kitu. Barua ilikuwa imetoka, lakini hakuna aliyeisajili. Tukapeleka nakala, tukalipa ada, tukasubiri, tukaomba upekuzi mwingine. Huo wa pili ulikuja na majina yetu mawili tu. Mwalimu ametoa nakala kadhaa za karatasi hiyo, na moja ameifungia kwenye kabati lake la shuleni, kwa sababu anazozijua mwenyewe.